McDonald's, In-N-Out au Burger King: mwenye mgahawa unaokua aige nani?

Kuna hatua ambayo kila mwenye mgahawa unaouza vizuri huifikia, awe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Foleni ya mchana imezidi viti, watu wa mtaa wa pili wanauliza utawafikia lini, na jamaa mmoja mwenye fedha anakuja na wazo lake: nipe jina lako, mimi nijenge, tugawane. Hapo njia ni tatu. Unaweza kufungua matawi yako mwenyewe polepole. Unaweza kuwapa watu franchaizi, yaani wakulipe ili watumie jina na utaratibu wako, huku ukishikilia kitu kinachowafunga kwako. Au unaweza kumkabidhi mtu mmoja mkoa mzima, au nchi nzima, ahangaike nayo yeye.

Njia zote tatu zimejaribiwa kwa zaidi ya miaka 70 na kampuni tatu za Marekani zinazouza kitu kilekile, mkate wa mviringo wenye nyama katikati. Kwa kuwa bidhaa ni moja, inakuwa rahisi kuona kile ambacho mimi nadhani ndicho kilichoamua mambo: nani alimiliki nini tangu mwanzo. Ladha ina nafasi yake, lakini wapo wapishi wazuri wengi ambao majina yao hayavuki mtaa.

California, 1948

Tarehe 22 Oktoba 1948, Harry Snyder na mkewe Esther walifungua kibanda cha baga Baldwin Park, mashariki ya Los Angeles. Kilikuwa na ukubwa wa futi 10 kwa 10, hakina kiti hata kimoja cha mteja. Harry alikuwa ametengeneza kipaza sauti cha kuongea na kujibiwa, mteja akawa anaagiza bila kushuka kwenye gari, kisha anasogea dirishani kuchukua. Alfajiri Harry alikwenda kuchagua nyama na mboga yeye mwenyewe, na hesabu zilikuwa mikononi mwa Esther. Wakakiita In-N-Out. Tawi la pili, la Covina, lilikuja mwaka 1951 tu.

Desemba ya mwaka huohuo, San Bernardino, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka pale, ndugu wawili Richard na Maurice McDonald walifungua tena mgahawa waliokuwa wameufunga kwa miezi mitatu. Haukufungwa kwa hasara. Tangu 1940 ulikuwa unawaingizia fedha nzuri kwa nyama za kuchoma, menyu ndefu na wasichana wa kupeleka chakula kwenye magari. Ila walipopitia vitabu vyao waliona kwamba hambaga ndizo zinazobeba mauzo, wakaamua kufyeka vingine vyote. Menyu ikabaki na vitu 9. Wahudumu wa magari wakaachishwa, sahani na uma zikaondoka, kila kitu kikafungwa kwenye karatasi. Hambaga ikauzwa senti 15.

Kipande kimoja cha historia yao nakipenda kuliko vyote. Walipotaka kupanga jiko la jengo jipya, waliwaita wafanyakazi nyumbani kwao usiku baada ya kufunga kazi, kwenye uwanja wa tenisi. Wafanyakazi wakazunguka uwanjani wakijifanya wanakaanga chipsi, wanageuza nyama, wanamimina milksheki, na ndugu wale wakawafuata nyuma na chaki wakichora pale kila kifaa kinapostahili kukaa ili mtu asipige hatua ya bure. Inasimuliwa kwamba kabla mchoro haujanakiliwa mvua ilinyesha ikaufuta wote, na ikabidi waanze upya. Hiyo ndiyo mali waliyokuwa nayo akina McDonald: utaratibu. Kibanda cha Snyder kilikuwa na macho ya Harry sokoni kila alfajiri. Tofauti hiyo ndogo ilikuja kuamua mengi, kwa sababu utaratibu unaweza kuuandika ukampa mtu wa mbali, lakini macho ya Harry huwezi.

Burger King ilizaliwa Florida. Keith Kramer na Matthew Burns walianza Jacksonville mwaka 1953 kwa jina la Insta-Burger King, wakitegemea mashine ya kubanikia iliyoitwa Insta-Broiler. Mwaka uliofuata James McLamore na David Edgerton wakachukua leseni ya Miami. Mashine ile ilikuwa inaharibika mara kwa mara, hadi Edgerton akaunda jiko jingine lenye mnyororo unaopitisha nyama juu ya moto, na ubanikaji huo ndio ambao kampuni inajitangazia mpaka leo. Mwaka 1957 wakatoa baga kubwa ya Whopper kwa senti 37. Mwaka 1959 wakainunua kampuni yenyewe. Tazama basi: waliokuwa wamekodi jina wakaishia kuwa wenye jina. Jambo hilo litajirudia.

Asilimia 1.4

Ray Kroc alifika San Bernardino mwaka 1954 akiwa na miaka 52. Alikuwa akiuza mashine za Multimixer, ambazo kila moja huchanganya milksheki tano kwa mpigo, na alitaka kuona ni mgahawa gani huo ulionunua mashine nane. Alikuta foleni. Akawaomba ndugu wale ruhusa ya kuuza franchaizi zao nchini kote, na tarehe 15 Aprili 1955 akafungua mgahawa wake Des Plaines, Illinois.

Mkataba wake ulikuwa mbaya, na wewe unayefikiria kumpa mtu jina lako unapaswa kuusoma kwa makini. Mchukua franchaizi alimlipa Kroc dola 950 za kuanzia, kisha asilimia 1.9 ya mauzo. Katika hiyo 1.9, asilimia 0.5 ilikwenda kwa akina McDonald. Kroc akabakiwa na 1.4. Chukua mfano wa duka linalouza dola 200,000 kwa mwaka: Kroc anapata dola 2,800. Kwa fedha hizo amlipe mkaguzi, afundishe wafanyakazi, azunguke kutafuta viwanja na ale yeye. Kadiri alivyoongeza maduka ndivyo alivyoongeza kazi isiyolipa.

Aliyemtoa shimoni ni Harry Sonneborn, mtu wa fedha asiye na habari na upishi. Mwaka 1956 walianzisha kampuni ya pembeni ya kushughulika na viwanja. Ilikodi ardhi na jengo kutoka kwa mwenyewe kwa muda mrefu, kisha ikampangisha mchukua franchaizi kwa kodi ya juu zaidi, au kwa asilimia 5 ya mauzo, kiasi kitakachokuwa kikubwa ndicho alipe. Rudi kwenye duka letu la dola 200,000: asilimia 5 ni dola 10,000. Hata biashara ikizorota, kodi ya chini kabisa iko palepale. Na kuna jambo zito kuliko fedha. Mtu anayechafua jina, anayepika ovyo au anayeongeza vitu vyake kwenye menyu, hakuna tena haja ya kumbembeleza. Ni mpangaji, na akivunja masharti anatolewa.

Baadaye kampuni ikaanza kununua ardhi yenyewe. Leo McDonald's ina migahawa zaidi ya 43,000 katika nchi zaidi ya 100, na kama asilimia 95 inaendeshwa na watu wengine. Mwaka 2024 mapato yake yalikaribia dola bilioni 26, sehemu kubwa ikiwa malipo ya wachukua franchaizi, na katika malipo hayo karibu theluthi mbili ni kodi ya pango. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina, unakuja nyuma ya kodi.

Waanzilishi je? Mwaka 1961 waliuza kila kitu kwa Kroc kwa dola milioni 2.7, ili baada ya ushuru kila ndugu abaki na milioni moja. Walidhani mgahawa wa kwanza wa San Bernardino utabaki kuwa wao. Jengo lilibaki, jina likaenda. Wakalazimika kubandika bango jipya, The Big M, na Kroc akafungua McDonald's karibu yao. Mgahawa wa McDonald wenyewe ukafa kwa kushindana na McDonald's. Sioni kama Kroc alivunja sheria. Naona wao waliuza wasichokielewa bei yake, kwa sababu walikuwa wanahesabu mauzo ya baga wakati mwenzao alishaanza kuhesabu viwanja.

Ukiwa upande wa pili wa meza

Wengine hawatafuti kutoa jina, wanataka kuchukua. Tuangalie McDonald's inamtaka nini mtu huyo nchini Marekani. Awe na angalau dola 500,000 zake binafsi zisizo za mkopo. Alipe ada ya dola 45,000. Alipe mrabaha, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 4 ya mauzo na tangu 2024 ni 5 kwa migahawa mipya. Alipe mchango wa matangazo, usiopungua asilimia 4. Juu ya hayo yote kuna kodi ya pango. Vifaa na mapambo ni gharama yake, ardhi si yake, na mkataba ni wa miaka 20 bila ahadi kwamba utaongezwa.

Yaani unanunua kazi ngumu yenye kipato kizuri na bosi mkali. Nasema kipato kizuri kwa sababu ni kweli. Si watu wengi wanaofunga McDonald's kwa kukosa wateja. Unapata pia msaada ambao mtu binafsi hawezi kuujenga: wasambazaji waliokwisha kupangwa, mwongozo uliotokana na kazi ya Fred Turner, mmoja wa wasaidizi wa mwanzo wa Kroc, aliyeandika hadi unene wa nyama na muda wa kukaanga, na chuo cha kampuni kilichoanza 1961 kwenye chumba cha chini cha mgahawa mmoja Illinois na kupewa jina la Hamburger University. Jina la utani, lakini masomo yake hayana utani.

Ajabu ni kwamba katika ukali wote huo, vyakula vilivyoitajirisha kampuni vilibuniwa na hawahawa wapangaji. Lou Groen wa Cincinnati alikuwa na wateja wengi Wakatoliki, na siku za Ijumaa hawali nyama. Mwaka 1962 akapendekeza mkate wa samaki. Kroc hakutaka harufu ya samaki kwenye maduka yake. Alikuwa na ubunifu wake mwenyewe, kipande cha nanasi la kuchoma na jibini ndani ya mkate. Wakakubaliana viuzwe vyote viwili siku moja ya Ijumaa. Samaki alitoka 350, nanasi likatoka 6. Big Mac ni kazi ya Jim Delligatti wa Pennsylvania, mwaka 1967. Mkate wa yai wa asubuhi, Egg McMuffin, ulitoka kwa Herb Peterson wa Santa Barbara mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anayekaa kaunta kila siku anamjua mteja kuliko makao makuu, na sifa ya McDonald's hapa ni kwamba mwishowe ilisikiliza. Vilipokubaliwa, vikawa mali ya kampuni.

In-N-Out: mwisho wa barabara ya lori

Akina Snyder walikataa franchaizi tangu mwanzo na mpaka leo. Hakuna anayeweza kununua tawi la In-N-Out, wala hisa zake haziko sokoni. Matawi yote ni ya kampuni, na kampuni ni ya familia. Menyu imebaki kuwa hambaga, baga ya jibini, ile ya nyama mbili na jibini mbili, chipsi, milksheki na vinywaji. Ukiijua siri unaweza kuagiza kwa mitindo ambayo haimo kwenye bango, maarufu zaidi ikiwa ile ya vitunguu vya kukaanga na haradali iliyopikiwa kwenye nyama, lakini viungo ni vilevile. Mpishi hapewi kitu kipya cha kuhifadhi.

Kinachoiwekea kampuni hii mpaka ni nyama. Migahawa yake haina friza wala maikrowevu. Nyama inasagwa na kubanwa kwenye viwanda vyake yenyewe, kisha inasafirishwa mbichi kwa lori. Viazi vinafika vizima, vinamenywa, na mfanyakazi anakaa mbele ya mteja akivisukuma kimoja kimoja kwenye kikatio cha mkono kabla havijaingia kwenye mafuta. Kwa hiyo tawi haliwezi kujengwa mbali na pale ambapo lori lenye nyama mbichi linafika kwa wakati. Ilitoka California na kuingia Las Vegas mwaka 1992, Arizona 2000, Utah 2008. Ilipoingia Texas mwaka 2011 ilianza kwanza na kiwanda cha nyama kulekule. Colorado mwaka 2020 vilevile. Ndiyo maana miaka zaidi ya 75 imezaa matawi mia nne na kitu tu.

Ungedhani huo ni udhaifu. Lakini angalia yaliyowapata wengine. Mwaka 1993 kampuni ya Jack in the Box iliuza baga zisizoiva vizuri zenye bakteria wa E. koli, mamia waliugua na watoto wanne walikufa, na nyama ilikuwa imetoka kwa wasambazaji wa nje. Mwaka 2024 vitunguu vibichi vya baga ya Quarter Pounder ya McDonald's vilihusishwa na bakteria haohao katika majimbo kadhaa, watu zaidi ya 100 wakaugua na mmoja akafariki. Ukinunua kutoka kwa wengine unanunua na uzembe wao, na jina litakaloandikwa gazetini ni lako. Mwenye kiwanda chake hana kinga kamili, ila walau anajua mlango wa kugonga.

Njia hii inadai vitu viwili ambavyo havizungumzwi sana. Cha kwanza ni mishahara. Kama hutaki mwenye tawi anayeumia na fedha zake, lazima umpate meneja anayejali kama mwenye mali, na mtu huyo ana bei. In-N-Out imezoea kulipa juu ya kima cha chini, na mwaka 2018 iliripotiwa kwamba mameneja wake walikuwa wakipata wastani wa zaidi ya dola 160,000 kwa mwaka. Mameneja hao kwa kawaida hupandishwa kutoka ndani, wameanza kwa kufagia na kumenya viazi.

Cha pili ni familia yenyewe, na hapa historia yao inatisha. Harry alifariki mwaka 1976 akiwa ameacha matawi 18. Mwanawe Rich akachukua usukani akiwa na miaka 24, akaikuza hadi 93. Desemba 1993, akirudi kwa ndege kutoka kufungua tawi hilo la 93 huko Fresno, ndege ikaanguka na akafa. Kaka yake Guy akashika. Naye akafariki mwaka 1999 kwa dawa zilizozidi kipimo. Esther, bibi mzee aliyekuwepo tangu kibandani, akarudi kuishikilia hadi alipofariki mwaka 2006. Mwaka 2010 mjukuu wake Lynsi, binti wa Guy, akawa rais wa kampuni akiwa na miaka 27. Kampuni ilivuka misiba minne mikubwa ndani ya miaka 30 kwa sababu hisa zilikuwa zimefungwa kwenye amana, yaani zinashikiliwa na wasimamizi kwa niaba ya warithi, na kulikuwa na wasimamizi waliolelewa ndani. Huku kwetu biashara ngapi nzuri zimekufa wiki tatu baada ya arobaini, ndugu wakigombania funguo za duka? Ukiiga In-N-Out, anza kuiga wosia wao kabla ya mkate wao.

Burger King na tatizo la kugawa nchi

McLamore na Edgerton walitaka kukua haraka, na mtaji hawakuwa nao. Wakauza maeneo. Mtu mmoja alipewa jiji au jimbo zima, ajenge anavyoweza. Fedha iliingia mapema na bango la Whopper likaenea. Gharama ikaonekana baadaye: baadhi ya wachukua maeneo wakawa wakubwa kiasi cha kuisumbua kampuni mama. Chart House, iliyokuwa na mamia ya migahawa ya Burger King, ilifikia kutaka kuinunua kampuni yenyewe. Kwa kuwa ardhi nyingi haikuwa ya kampuni, makao makuu hayakuwa na lile rungu la Sonneborn. Mwaka 1977 walimwajiri Donald Smith kutoka McDonald's, naye akaja na mikataba mikali: usimiliki migahawa mingine, ishi karibu na duka lako. Yaani walirudi kujifunza kwa mshindani kitu walichopaswa kuandika tangu mwanzo.

Wenye kampuni nao hawakutulia. Pillsbury ilinunua 1967, Grand Metropolitan ya Uingereza ikachukua 1989, ikaingia Diageo 1997, wawekezaji wa TPG, Bain na Goldman Sachs wakainunua 2002, 3G Capital yenye asili ya Brazili 2010, na tangu 2014 iko chini ya Restaurant Brands International pamoja na Tim Hortons ya Canada. Kila mwenye mali mpya alikuja na mkakati mpya na matangazo mapya. Mwaka 2024 kampuni mama ilitumia takriban dola bilioni 1 kuinunua Carrols, mchukua franchaizi wake mkubwa kuliko wote nchini Marekani, mwenye Burger King zaidi ya 1,000, ili izikarabati kisha iziuze tena kwa wachukua wadogo. Ni kama mwenye shamba aliyegawa shamba lote, sasa ananunua vipande vyake tena ili apande miche mipya.

Lakini tuwe wa haki. Bila kugawa maeneo, Burger King isingekuwa na migahawa karibu 20,000 duniani, na isingefika kwetu. Mwaka 2016 ilifungua Nairobi, The Hub Karen, kupitia NAS Servair, kampuni iliyokuwa tayari na kazi ya kuandaa chakula cha ndege. McDonald's haina mgahawa Kenya, Tanzania wala Uganda. Afrika Kusini iliingia mwaka 1995, na humo hata jina ilibidi ilipiganie mahakamani, kwa sababu wafanyabiashara wa hapo walidai kampuni ilisajili alama zake miaka mingi bila kuzitumia. Ilishindwa mwanzo, ikashinda kwenye rufaa mwaka 1996. Mwaka 2011 Cyril Ramaphosa, kabla hajawa rais, ndiye aliyechukua leseni ya miaka 20 ya kuendesha McDonald's nchi nzima. Hiyo inakupa picha ya aina ya mtu anayehitajika. Nje ya Marekani mfumo wa mtu mdogo mwenye duka moja huwa haupo katika nchi nyingi. Wanatafuta mwenye mtaji wa kujenga makumi ya maduka.

Na hata ukimpata mwenye mtaji, lile swali la lori linarudi. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi katika nchi inayolima viazi, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vya kuagizwa na meli zilichelewa, na wakulima wa ndani hawakuwa wamepitishwa kwenye ukaguzi wa ubora wa kampuni. Wakenya walichachamaa mitandaoni, na kampuni ikalazimika kuanza kutafuta wakulima wa hapo. KFC ni ya kuku, najua, lakini chipsi ni zilezile.

Sasa, uige nani

Kama una mgahawa mmoja au miwili na jina linaanza kuwa na thamani, mimi ningekuambia ukae na In-N-Out kwa miaka kadhaa. Punguza menyu hadi iume. Hakikisha tawi la pili linatoa chakula kilekile siku ambayo wewe uko msibani kijijini. Mtu anayefungua tawi la tano kabla ya kufika hapo anaongeza mahali pa kukimbizana tu. Ubaya wa njia hii ni kwamba utaona wenzako wakikupita kwa idadi, na benki itawapenda zaidi.

Ukishakuwa na utaratibu ulioandikwa, unaoweza kufundishwa kwa mgeni kwa wiki chache, hapo McDonald's ndiyo ya kuigwa, na uiige kwa ukamilifu. Wengi wanaiga nusu: wanatoa jina kwa asilimia kidogo ya mauzo, wakitegemea mchukua jina awe mkweli kwenye hesabu. Hiyo ni hali ya Kroc mwaka 1955, na Kroc alikuwa anaelekea kufilisika. Shika kitu ambacho mwenzako hawezi kufanya kazi bila hicho. Kama huwezi kununua ardhi, basi mkataba wa pango wa kila fremu uwe kwa jina la kampuni yako, naye apange kwako. Kama hata hilo haliwezekani, shika mchanganyiko wa viungo au jiko kuu linalosambaza nyama iliyokwisha kusagwa. Ukikata mzigo, duka linasimama.

Njia ya Burger King ningeitumia kwa nchi au mji ambao siwezi kuufikia kabisa, na kwa mkataba wenye idadi ya maduka na tarehe: asipojenga manne ndani ya miaka miwili, eneo linarudi. Kuuza mkoa kwa fedha ya mkupuo kwa sababu una deni la friji ni kosa linalochukua miaka 40 kulirekebisha.

Mwenye akiba ndogo asiyetaka harufu ya mafuta nguoni anaweza kununua hisa. Za McDonald's zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1965 kwa dola 22.50, na tangu 1976 gawio limepandishwa kila mwaka. Za kampuni mama ya Burger King ziko New York na Toronto. Kwa Mswahili anayeishi Minneapolis au Toronto hilo ni jambo la dakika chache kwenye simu. Za In-N-Out hazipo.

Na ukiwa wewe ndiwe unayeletewa franchaizi, iwe ya kigeni au ya kijana wa mjini mwenye baga zilizovuma Instagramu, uliza kwanza mkataba wa pango utakuwa na jina la nani, mzigo utanunua wapi na kwa bei ya nani, na mkataba ukiisha friji na majiko uliyonunua utamuuzia nani. Akianza kukujibu kwa kukuonyesha idadi ya wafuasi, muulize tena.